Bibi wa Mlango wa Kijani

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Serge amekwisha. Bado hajui, maskini. Leo alisimama mlangoni pa chumba chake cha michezo, mikono kiunoni, akinicheka kutoka ng'ambo ya barabara. Vijana wote wa mtaa wako kwake, wanacheza mpira kwenye televisheni. Kwangu, sebuleni nilimoweka televisheni yangu ya michezo: mabenchi matupu, nzi, na dada yangu Carine anachambua mchele. Cheka, Serge, cheka.

Binamu yetu Fidèle ameteremka kwa pikipiki kutoka Salamabila na kuniletea mchezo wa kutisha. Kasongo nzima haijauona! Umekuja pamoja na kaske ya masikioni yenye kijiti mbele ya mdomo. Kijiti ni cha nini? Fidèle hajui. Urembo, nadhani.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Uko peke yako ndani ya nyumba. Bibi mwenye kitambaa cheupe kichwani anabisha. Ngo, ngo, ngo, halafu kitu kinakwaruza ubao wa mlango. Unajificha nyuma ya kabati na kungoja aende zake. Basi. Hata mtoto anaweza.

Nimekufa mchana kutwa.

Haidhuru. Wateja wakija, Mama Marcelline, mama yake Olga, ataona kwamba mchumba wa binti yake ana kazi. Mama Marcelline hajasema ndiyo. Hajasema hapana pia. Amesema ataiona kwanza nyumba yangu, siku atakayopenda mwenyewe. Nampenda Olga kiasi kwamba chakula hakinipiti kooni, isipokuwa wali.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Ufunguzi! Nimefunika madirisha kwa vitenge vya Carine ili pawe na giza saa nane za mchana. Nimeandika ubao: BIBI WA MLANGO. WENYE MOYO MDOGO WAPITE KWA SERGE. Atakayevuka mlango wa kwanza atakunywa soda, sukre baridi, bure.

Hakuna aliyeinywa. Wote wanakufa palepale. Kijana anaapa kwa marehemu babu yake kwamba atanyamaza. Anavaa kaske. Bibi anabisha: ngo, ngo, ngo. Kijana anapaza sauti: "Karibu!" Bibi anaingia, anammeza.

Tutafanyaje? Sisi ni watu wa Kasongo. Mtu akibisha bila kujibiwa, jibu linakukaa kooni kama mwiba wa samaki wa Nyangwe. Mimi mwenyewe nimesema karibu. Fidèle amesema karibu. Serge alikuja kupeleleza, amejifunika kofia kana kwamba simjui, na aliposikia mlango alisimama kabisa, akavua kofia na kusema: "Karibu, patron!" Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jambo moja silipendi. Mlango wa mule mchezoni ni wa kijani. Wangu pia ni wa kijani. Tena bibi anasikia Kiswahili. Nani alimfundisha?

Sukre nimeinywa mimi.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Wamejaa! Wanapanga mstari mpaka kwa fundi baiskeli. Chumba cha Serge kina Serge tu.

Carine anasema bibi hasikii chochote, ni kile kijiti cha kaske kinachobeba sauti na kuipeleka ndani ya mchezo. Nimemwomba aendelee na mchele wake. Mambo ya elektroniki si ya kila mtu.

Nimevumbua mbinu yangu: mazoezi. Carine anatoka nje, anabisha, mimi nauma taulo. Asubuhi jibu lilipenya katikati ya taulo. Jioni nilikuwa jiwe! Anabisha, mimi kimya. Anaita hodi, kimya. Anasema chakula kimeiva, nikasita kidogo, lakini kimya. Halafu ninajiviringisha nyuma ya kabati la vyombo, kama mchezoni.

Nimewafundisha wateja pia, kila mmoja na kitambaa chake cha kuuma. Vijana wana bidii. Wanafanya mazoezi hata nyumbani kwao. Jirani yetu Mama Jeannette amekuja kulalamika. Anasema alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe na beseni la mihogo kichwani, akaita hodi mpaka shingo ikamuuma, na mwanawe alikuwa chini ya kitanda akiuma shati. Nimempa pole. Moyoni nilimsifu kijana.

Usingizi utakuwa mtamu leo. Mtu mwenye mbinu hulala vizuri.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu.

Asubuhi Carine alikwenda sokoni. Nilikuwa peke yangu, madirisha yamefunikwa, televisheni imezimwa. Nasema tena: imezimwa! Mara mlango ukalia. Ngo, ngo, ngo. Halafu kitu kikakwaruza ubao.

Sikusema karibu. Hata pumzi sikutoa. Mazoezi ni kitu kizuri. Niliviringika mpaka nyuma ya kabati, na vidole vyangu vikawa vinabonyeza vyenyewe, vinatafuta kitufe cha kukimbia. Sauti ya mama mzee ikaita hodi. Ikaita tena, kwa upole. Ikaita jina langu! Mchezoni bibi hajui majina. Nikajua sasa mambo yamekuwa makubwa.

Mlango ukafunguka wenyewe. Kitambaa cheupe kichwani. Hatua zikaja polepole, zikasimama mbele ya kabati. Kabati langu halifiki chini, na miguu yangu ni mirefu. Uso ukachungulia.

Niliruka na taulo mkononi, nikapiga kelele: "Rudi ndani ya televisheni!"

Alikuwa Mama Marcelline. Siku aliyoipenda mwenyewe. Pete yake ndiyo iliyogonga, na sufuria la wali na kuku alilobeba ndilo lililokwaruza mlango.

Mtu hapaswi hata kumtazama mama mkwe usoni. Mimi nimemwamuru aingie kwenye televisheni. Akaniuliza: "Unaniona mimi ni muzimu?" Nikaficha taulo mgongoni. Akageuka, akaondoka na sufuria lake. Harufu ya ule wali bado iko chumbani, na inanitesa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Carine alikwenda kuniombea msamaha, na kuku mweupe kwapani. Alirudi na kuku mweupe kwapani.

Mama Marcelline ameeleza kwamba umaskini angevumilia, na miguu mirefu angevumilia. Lakini watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayejificha nyuma ya kabati lake hataki kupona. Hawezi kumpeleka Olga kwenye nyumba ambayo mlango wake hauitikii.

Olga naye ametuma neno. Anasema amelia, halafu amecheka, halafu amelia tena. Anasema nifanye kitu, lakini kisiwe mbinu.

Nina huzuni. Naandika hivyohivyo: nina huzuni. Nilikaa mlangoni jua likiwaka, nikamwambia kila aliyepita "Karibu!", hata waliokuwa hawaji. Serge alinitazama, hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Ngo, ngo, ngo. Nikasema karibu kabla hajamaliza!

Mama Marcelline. Carine alikuwa amemrudia alfajiri, bila mimi kujua, akamweleza habari yote ya bibi na kijiti. Sasa amekuja kumwona mwenyewe huyo mwanamke anayewazuia watu kuitikia hodi. Nilijibandika ukutani, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Carine akampa kiti, akamvika kaske juu ya kitambaa. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Serge pia alikuwepo, juu ya benchi.

Bibi akabisha. Vijana wote wakauma vitambaa.

Mama Marcelline akajiweka sawa na kusema kwa sauti ya kanisani: "Karibu, mama!"

Bibi akaingia akipiga yowe, meno yote nje. Vijana wakalala chini. Mama Marcelline hakutikisika. Akamnyooshea kidole: "Unaingia mu nyumba ya watu na makelele? Nani alikulea, alikukomalisha? Hata muzimu inapashwa kuwa na adabu!"

Bibi alimmeza. Mama Marcelline akasema mchezo uanze upya, huenda safari hii bibi amesikia. Hakuwa amesikia. Mama Marcelline alimezwa tena, akamkaripia tena, na mara hii akamuuliza kama ana njaa. Watu walilia kwa kicheko. Chumba cha Serge kilibaki wazi bila mlinzi, na Serge mwenyewe alikuwa anapiga makofi.

Jua lilipoelekea kuzama, alivua kaske na kuzungumza na ukuta ulio karibu nami. Alisema sasa ameona kwamba niliogopa kweli, na woga si utovu wa adabu. "Mutu anaweza kuogopa. Lakini aogope huku anasema karibu."

Kuku mweupe amepokelewa! Alhamisi ukoo wote wa Olga utakuja kutusalimu na kutaja siku ya ndoa. Nimeahidi, mbele ya watu, kwamba mlango huu utaitika daima.

Na lile sufuria la wali alikuwa amekuja nalo tena: lilikuwa nje, limefunikwa. Nimekula mpaka nimelazimika kulegeza mkanda.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Siku njema sana. Tumbo limetulia, Olga amepita kucheka nami uani, Carine anashona nguo yake ya kesho.

Nimefikiri, na nimeona kwamba yote yamekwenda kama nilivyopanga. Bila mbinu yangu, Mama Marcelline angeketi lini kwenye kiti changu? Kujikwaa si kuanguka.

Tatizo ni Serge. Amenunua kaske. Amemwalika shangazi yake aje kukaripia mizimu. Mwizi! Lakini Fidèle amerudi leo na mchezo mwingine, mkali kuliko ule. Katika huu, wafu wanakuja kundi zima, wamevaa vizuri, wanatabasamu, na wanakunyooshea mkono wakikusalimu: "Jambo!". Ukimjibu hata mmoja, umekufa. Ukipokea mkono, umekufa. Unatakiwa kuwapa kisogo na kuvuta pumzi polepole.

Nimekufa tangu asubuhi. Nani anaweza kumnyima salamu mtu aliyevaa vizuri?

Kwa hiyo nimeanza mazoezi. Mchungaji kanisalimu njiani, nikampa kisogo. Baba mdogo wa Olga kanisalimu sokoni, nikampa kisogo na pumzi polepole. Safi kabisa, hata kope haikucheza!

Na mlango nitauitikia, niliahidi. Kesho wakibisha nitasema karibu mara moja. Waingie wote, wamevaa vizuri, wanyooshe mikono yao. Niko tayari.