Vyuma Vipya vya Gitaa la Marehemu

Leo nimeaibika mbele ya wakwe, tena nikiwa katika kitenge kipya.

Kabula, binti wa kaka yangu, ameolewa hapa Usagara. Aliniomba jambo moja tu: aingie ukumbini kwa wimbo wa kwaya yetu ya akina mama, nami nikipiga gitaa la marehemu mume wangu. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Tatizo lilikuwa vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa. Marehemu alilipiga hadi vikalika, vikawa bapa, karibu kulingana na mbao. Ili nipate sauti safi, ilinibidi nikandamize uzi hadi kidole kiguse mbao. Jumanne iliyopita (si Jumatano, kama wifi anavyodai) fundi mmoja wa Nyakato aliniwekea vipya, virefu kwenda juu, vyenye mgongo wa mviringo. Vile vya zamani nimevihifadhi ndani ya leso ya marehemu.

Nilijaribu uzi mmoja, ukalia kama kengele. Nikalirudisha gitaa mkobani. Mazoezi ya nini? (Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu, nani wa kunifundisha?)

Leo Kabula akafika mlangoni, ameshika mkono wa baba yake. Nikaanza. Lo! Vidole havikugusa mbao. Nilijihisi kama niliyevalishwa viatu vya kisigino kirefu. Basi nikakandamiza, kwa mkono huu uliolima pamba miaka yote. Gitaa likapanda sauti. Kwaya ikabaki chini.

"Sabina, pandisha!" nilimnong'oneza kiongozi wa sauti ya kwanza.

"Nimepandisha, dada!"

"Panda tena!"

Akapanda, na wenzake wakamfuata. Kufikia ubeti wa pili, kwaya nzima ilikuwa ikiimba kama iliyomwagiwa maji ya moto. Baba wa bwana harusi alivua miwani. (Sijui miwani ilikuwa na kosa gani.) Kabula akasimama katikati ya ukumbi, hajui aendelee au arudi.

Nikasimamisha wimbo. (Mimi mwenyewe! Sikulazimishwa na mtu.)

"Sabina, hebu imba peke yako, tusikie unapokosea."

Sabina akaimba. Hakukosea popote.

"Haya," akasema mshereheshaji, "sasa tulisikie gitaa peke yake."

Jamani! Nikapiga. Bibi mmoja upande wa wakwe akaziba masikio.

Kabula akanijia na gauni lake lote, akainama sikioni pangu. "Shangazi, gitaa unalikaba koo."

Alinong'ona, maskini. Ila kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Ndipo nikaelewa. Uzi ukishaegemea chuma kirefu, kazi imekwisha. Ukiusukuma hadi kwenye mbao unavutika, na sauti inapanda. Nami nilikuwa nikiitafuta mbao ile ile ambayo vidole vya mume wangu viliigusa.

"Nisamehe, Sabina."

"Anza tu, dada. Taratibu."

Kabula akarudi mlangoni. Safari hii niliugusa uzi kama mtu anayeamsha mtoto mchanga, na gitaa likaimba kama enzi za mwenyewe. Binti akaingia upya, akilia na kucheka kwa pamoja.

Wanaotaka kunicheka, ruksa. Ila naomba msikandamize.