Chuma cha Mayai Ndani ya Bukari

Jumapili, 9 Machi

Aibu! Leo katika mchezo wa televisheni «Jiko la Clément», mbele ya Lubumbashi nzima, mpishi mkuu Clément amesonga bukari, ugali wetu, kwa kile chuma cha kupigia mayai. Bukari, si uji! Clément analia kwa kuachwa na mchumba wake, chuma kinazunguka sufuriani, na sebuleni kwetu wote wanalia pamoja naye. Nilisimama nikauliza mwiko uko wapi. Nikaambiwa nikae, ninaziba televisheni.

Kisha mtangazaji Kiki akasoma maoni ya watazamaji. Kurasa tatu nilizowatumia mimi? Hakusoma hata mstari. Akasoma ya Delphine, jirani yetu: Clément aje mtaani kwetu Naviundu apanguswe machozi. Alisoma mara mbili!

Jumapili ijayo ndiyo mwisho wa mchezo. Mwenye maoni bora ataalikwa studio. Lazima niwe mimi. Mama ameshaitangazia kwaya nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Huko Kasapa, chuoni, Delphine anasalimiwa kama mke wa waziri. Nilimuuliza kama alikiona kile chuma. Chuma gani? Yeye alikuwa anatazama mikono ya Clément. Akaongeza mbele ya watu: «Ee Ntumba, weye unaangaliaka sufuria, siye tunaangaliaka bantu!»

Wakacheka. Wanafunzi wa chuo kikuu!

Jumatano, 12 Machi

Umeme hakuna mtaani. Sisi tuna sola, kwa hiyo simu za majirani zote zinachajiwa juu ya kabati letu. Na ya Mjomba Élie, kaka yake Mama: kapera, mla mikahawani, hajawahi kuingia jikoni. Simu yake haina namba ya siri.

Nikaichukua, nikamtumia Kiki ujumbe kwa jina lake. Nikaandika kwamba yeye mzee amesonga bukari tangu ujana, chuma kile kiondolewe, na hapa Naviundu yuko msichana msomi, Ntumba, anayelielewa jambo hili kuliko wote. Ujumbe mfupi. Mnyenyekevu. Kiki atauliza tu: Ntumba ni nani?

Nikaufuta ujumbe simuni mwake, asiuone.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemwita YEYE!

Mjomba ameingia wakati wa chai akimshukuru Mungu. Anakiri hajaandika chochote, lakini televisheni haikataliwi. Sikuweza kusema ni mimi niliyeandika. Mama angeuliza nani aligusa simu ya kaka yake. Nikaomba kumsindikiza kama mtaalamu. Nafasi ni moja, akasema, huku akichagua tai.

Basi nikamfundisha kusonga, kwa mwiko, kwa heshima zote. Mama akapita, akachungulia sufuria yangu: «Weye njo profesa wa bukari? Hii ni mawe ya mugodi!»

Unga ulikuwa mbaya.

Jumapili, 16 Machi

Kiki alisoma ujumbe mpaka kwenye chuma, akakomea hapo. Ati muda mfupi. Jina langu likabaki kwenye karatasi yake!

Akamkabidhi Mjomba unga na sufuria, awaonyeshe watu. Mezani kulikuwa na mwiko na chuma. Mjomba, niliyemfundisha mwenyewe, akachukua chuma. Kwa sababu kinang'aa!

Bukari ikapanda ndani ya nyaya za kile chuma, ikagandia humo. Mjomba akavuta. Sufuria ikaja nayo. Akavuta tena, tai ikaingia sufuriani.

Ushahidi! Mbele ya kamera! Nilipiga kelele sebuleni: mmeona sasa? Hakuna aliyenisikia, walikuwa sakafuni wanacheka. Mama alijifuta machozi kwa kitenge, akasema si kitu, angalau familia imewakilishwa.

Jumatatu, 17 Machi

Ukurasa wa televisheni umejaa maoni. Delphine ameandika: Papa Élie awe mpishi, Clément aoshe masufuria! Wote wanaitikia. Kiki ameahidi kumtafutia Mjomba nafasi katika mchezo mpya. Mjomba anatembea Naviundu na kile chuma mkononi, zawadi ya studio. Bukari bado imo ndani! Watoto wanamfuata. Delphine amepiga naye picha.

Mwiko? Hakuna hata mtazamaji mmoja aliyeutaja.

Nimekaa chumbani, nimefikiri kwa kina, nimeliona kosa langu. Nilichagua mwanaume. Jambo la bukari linataka sauti ya mwanamke mzima. Mama Chilufya, kwa mfano, mjane wa nyumba ya pili, anayeheshimiwa na kila mtu.

Simu yake iko juu ya kabati sasa hivi. Imeshajaa.

Haina namba ya siri.