Ukaribu wa Asilimia Mia

Ofisi ya Ukaribu wa Nyumba na Chekechea ilitangaza kwa furaha, kupitia kipaza sauti cha hekalu, kwamba ukaribu umefika asilimia mia moja. Nyumba zote arobaini na mbili zimetembelewa na mwalimu. Picha zipo.

Mzee Bunluea alikuwa anafua. Akautazama mfereji ulio mbele ya kibanda chake. Mwalimu gani aliyewahi kuuvuka? Tangu amzike mkewe alibaki na mjukuu wake Pimjai, mtoto wa miaka minne: nyumbani mdomo haupoi, chekechea muhula mzima hajatamka neno. Faili lake limeandikwa "bubu", na wiki ijayo anapelekwa shule ya mabubu mjini, ya kulala huko huko. Bunluea alitaka kitu kimoja tu: mwalimu aje, akae mkekani, amsikie.

Akaenda ofisini kwa Afisa Thanakrit.

"Mwalimu hajafika kwangu."

"Amefika, mzee. Tarehe tisa." Afisa akatoa picha. Kweli: Bunluea, Pimjai na Mwalimu Orathai barazani, wanatabasamu kama walioamriwa. Waliamriwa.

"Hii baraza ni yako, bwana mkubwa! Ulituita wote siku moja, tukapanga foleni kutembelewa nyumbani."

"Sasa ulitaka mwalimu azunguke kwenye matope? Tuliwasogezea nyumba. Ndiyo ukaribu wenyewe."

"Na mjukuu wangu?"

"Amechunguzwa katika mazingira ya nyumbani. Hakusema."

"Nyumbani kwako! Hata mimi kwako sisemi."

"Basi na wewe tutakufungulia faili."

Wenye vyeo wana majibu. Mungu aliwanyima masikio tu.

Ijumaa, Mkurugenzi Saowalak akatoka mkoani kuja kumkabidhi Thanakrit ngao. Wazazi na watoto walijaa chekechea. Mama huyo, mtu wa kanuni, akapekua picha moja moja. Familia arobaini na mbili. Mbwa mmoja, yule yule katika kila picha, mweupe, sikio jeusi.

"Huyu mbwa ni wa nani?"

"Ni mbwa wa jamii, mheshimiwa," akajibu Thanakrit.

"Mwongo!"

Watu wakageuka. Pimjai alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Anaitwa Kluai! Ni mbwa wake! Anakula kuku wa kukaanga, sisi tukapewa maji. Tena ya moto! Babu akaambiwa cheka, akasema meno yake siyo ya serikali!"

Kalamu ikamponyoka Mwalimu Orathai. "Pimjai?"

Pimjai alikuwa ameshaanza kuyasimulia makochi ya Thanakrit, rangi yake na madoa yake. Bunluea alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Mheshimiwa, zile picha..." Thanakrit alianza.

"Ulighushi?"

"Hapana! Hata kidogo!"

"Zina muhuri wa 'nyumbani kwa mtoto', na muhuri haufutiki. Basi watoto hawa wote wanaishi kwako. Hongera, una familia kubwa." Mkurugenzi akatazama kalenda. "Leo si Ijumaa?"

Ilikuwa Ijumaa. Na kila Ijumaa, kigodoro ambacho mtoto hukilalia mchana hurudishwa nyumbani kwake kikafuliwe.

Saa tisa alasiri pikipiki ya magurudumu matatu ikashusha vigodoro arobaini na viwili barazani kwa Thanakrit. Kumi na kimoja vilikuwa vimeshalowa mkojo tayari. Kluai alivinusa, akahamia kwa jirani.

Ng'ambo ya mfereji, Mwalimu Orathai alikuwa mkekani, matope mpaka magotini, faili mapajani. Alishafuta neno "bubu". Alitaka kuandika jingine mahali pake, lakini Pimjai hakumpa nafasi ya kufikiri.

"Mwalimu, unamjua bata wetu? Mwalimu, mbona huli wali? Mwalimu!"

Kipaza sauti cha hekalu kikakoroma. Ofisi ya Ukaribu inaomba: mwananchi yeyote mwenye kamba ndefu ya kuanikia nguo amwazime Afisa Thanakrit, haraka.

Bunluea alikuwa nayo, ndefu kuliko zote mtaani. Akaikunja vizuri, akaiweka chini, akaikalia.

"Endelea, mjukuu wangu," akasema. "Mwalimu anakusikiliza."