Leso ya Mfuko wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa kwaya amegawa nafasi za mtu kuimba peke yake. Oratorio yetu, hadithi takatifu ya kuimbwa mwanzo hadi mwisho, ilitungwa miaka mia tatu iliyopita: mateso na mazishi ya Bwana, saa mbili na nusu. Daktari wa meno kapewa wimbo wa kaburini. Dakika sita, na fidla juu yake! Mimi, fundi saa, sauti ya tatu tangu ujana, nimepewa mtumishi wa langoni. Maneno matatu: "Nilikuona naye bustanini." Nikauliza kama mtumishi hawezi kurudia. Mwalimu akasema hawezi.

Na Jumamosi, siku ya tamasha, mama mkwe anakuja.

Jumanne, 5 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Kamuuliza mke wangu kama bado nainamia saa mbovu za watu. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajanisifu hata kwa bahati mbaya. Basi Jumamosi atasikia ukumbi mzima ukinipigia makofi. Tatizo moja. Mwalimu amekataza makofi mpaka mwisho, maana ni muziki wa ibada. Lazima mtu aanzishe. Ninao mashemeji.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano dukani kwangu. Mashemeji sita, watakaa benchi la tano. Muziki hawaujui hata chembe, wakauliza watajuaje ni zamu yangu. Nikawaambia: mkiona nimetoa leso nyeupe, simameni, pigeni makofi, msiache mpaka watu wawafuate. Tumefanya mazoezi mara nne. Saa moja ya ukutani imeanguka. Mke wangu akauliza kwa nini nisiimbe vizuri tu, basi. Mwanamke mwema, ila mipango hana.

Jumamosi, 9 Machi, baada ya tamasha

Maneno yangu matatu niliyaimba vizuri. Nasema kweli. Lakini mkono mmoja ulishika kabrasha la nota, wa pili ulikuwa unahangaika na vifungo, na leso iko mfuko wa kushoto, chini ya joho. Nilipoifikia, kwaya ilikuwa imenipita kurasa mbili. Benchi la tano wamenikodolea macho, viganja tayari. Nikairudisha.

Halafu akasimama daktari wa meno. Sipendi kuandika haya. Aliimba taratibu, anaomba apewe mwili akauzike, nikamkumbuka marehemu baba. Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Nikatoa leso.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mashemeji wakainuka wote sita. Makofi, miluzi, ukumbi ukafuata. Daktari, aliyekuwa amebakiza ubeti mzima, akainama mara tatu. Mama mkwe alipiga makofi mpaka mkoba ukamdondoka. Nje akaniuliza kama yule bwana ana mke. Nikasema hana. Akasema binti yake mdogo naye yupo tu nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Daktari kala kwetu mchana. Kwenye kiti changu. Mama mkwe kamwongezea chakula mara mbili, na yule binti yake mdogo kacheka kila daktari aliposema neno. Jikoni mke wangu akaninong'oneza kwamba maneno yangu matatu aliyasikia, na yalimgusa. Nilifurahi. Lakini hilo si suala.

Tunarudia tamasha Jumamosi ijayo, na kosa nimeshalijua. Leso! Mtu hajui atalia saa ngapi. Safari hii ishara ni kikohozi, hakihitaji mkono. Mashemeji wameshaambiwa. Mke wangu ananichemshia tangawizi, anasema tangu asubuhi kifua changu hakimpendezi. Mambo madogo hayo.