DJ Roboti na Msafara wa Wajomba

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku njema kabisa. Mama Fortunata, mwenye ule ukumbi mkubwa kando ya barabara kuu hapa Same, anatafuta DJ mmoja wa kudumu. Kila harusi, kila kipaimara, kila mahafali, DJ ni huyohuyo. Yaani mimi, Clemence, kwa jina la kazi DJ Roboti. Ila yeye bado hajajua.

Tatizo ni Mzee Sefu. Anapiga muziki mjini hapa tangu enzi za kanda. Ana mashine mbili za CD, begi la diski, na hedifoni anazovaa shingoni hata akienda sokoni kununua bamia. Anawatangazia watu kwamba mimi si DJ, mimi ni mtu wa kubonyeza kitufe kimoja na kula karanga. Karanga nakula, sikatai. Programu ya simu inachagua nyimbo, inaziunganisha, inapandisha na kushusha sauti yenyewe. Mikono yangu iko huru. Hayo ndiyo maendeleo.

Mama Fortunata katuita wote wawili. Jumamosi binti wa kaka yake anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Sefu apige upande wa baba watakapoingiza zawadi, mimi nipige upande wa wajomba, wanaoshuka kutoka Mbaga, huko milimani. Atakayefanya vizuri ndiye DJ wa ukumbi. Akatukumbusha jambo moja. Kwao zawadi zinaingia kwa kucheza, vijana mbele na wazee nyuma. Wimbo ukikatika kabla mzee wa mwisho hajakaa, msafara mzima unarudi mlangoni kuanza upya, kwa sababu kuingia na zawadi kimyakimya ni kama kuleta rambirambi. Sefu aliitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa natafuta pa kuchajia simu, lakini nilisikia.

Jioni nimemwambia dada yangu Ernesta kwamba hakuna mtu anayelima kwa jembe la mkono huku trekta limeegeshwa pembeni. Ernesta akauliza trekta lenyewe linajuaje shamba linaishia wapi. Ernesta anauza tangawizi. Mambo ya trekta hayajui.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati wa kwanza: ujasusi. Mzee Sefu ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi. Nimebeba redio ya Ernesta, nzima kabisa, nikajifanya inakoroma. Shikamoo mzee. Marahaba, kaa hapo.

Akaanza kuifungua huku anajisifu. Kasema DJ wa kweli hatazami mashine, anatazama magoti ya watu. Kasema yeye akiwa kwenye mitambo yake anamwona bibi aliye mwisho wa ukumbi kama wameketi benchi moja, na anajua kabla ya bibi mwenyewe kwamba bibi anataka kukaa. Kasema kipaji hicho simu haikipati hata ichajiwe mwaka mzima. Niliudhika.

Bi Mwamvita, mkewe, akaleta chai na maandazi ya moto, hasira ikapungua. Huyo mama alicheka kila mumewe alipotaja magoti. Sikuelewa kinachochekesha. Maandazi yalikuwa na iliki, nikayashughulikia.

Sikupata siri yoyote. Na redio ya Ernesta sasa inakoroma kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Leo ni siku ya teknolojia. Programu inataka kuambiwa shughuli ni ya namna gani, halafu inapanga mambo yenyewe. Unachagua: Klabu. Ufukweni. Chakula cha Wapendanao. Mazoezi. Nimetafuta Wajomba wa Kipare Wakileta Zawadi, sikuona. Watengenezaji hawajafika huku.

Nikafikiri kitaalamu. Klabu hapana, mchungaji atakuwepo. Ufukweni hapana, hatuna ufuko. Wapendanao, na wale wajomba? Aibu. Mazoezi! Watu wa milimani wanapanda na kushuka kila siku na mizigo kichwani. Hao ni wanamichezo tangu kuzaliwa. Nimechagua Mazoezi, ngazi ya kati, kwa heshima ya wazee. Na sauti ya maelekezo nimeiwekea Kiswahili, kwa uzalendo.

Nimefanya na majaribio, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Nimemwomba Ernesta abebe sufuria, acheze kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Akakataa kwa sababu ya redio. Nikambembeleza, akakubali. Kafika, kakaa, wimbo bado unaendelea. Mafanikio makubwa.

Ernesta akasema sebule yetu ukipiga chafya umefika upande wa pili, na ukumbi wa Mama Fortunata unaingia malori. Nikamwambia programu haijali ukubwa wa chumba. Akasema hicho ndicho anachokiogopa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, mji umetulia. Nimepanda Mbaga kufanya utafiti kwa Bibi Hedwiga, mama wa mama wa bibi harusi. Yeye ndiye atakayekuwa wa mwisho kwenye msafara. Sefu hajafikiria kumtembelea, na ndipo nilipomzidi akili.

Huko juu kuna raha jamani. Ukungu, migomba, maji yanapita kwenye mifereji, baridi ya kutamani koti. Bodaboda iligoma kwenye kona ya mwisho, nikamalizia kwa miguu huku naimba.

Bibi Hedwiga anatembelea fimbo. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, wewe ni wa nani? Nikaeleza ukoo wangu mpaka akapata mtu anayemfahamu, ndipo akanikaribisha makande. Yana maharage mengi kuliko mahindi, yaani nimehesabiwa mgeni wa maana. Akaniambia huyo mjukuu amemlea mwenyewe tangu anatambaa. Amemnunulia blanketi. Anataka kumfikishia mkononi kwa miguu yake mwenyewe, akicheza, bila kushikwa mkono na mtu. Hajui kama atapata siku nyingine ya kucheza namna hiyo. Anachoomba kwangu ni wimbo mmoja tu wa kwaya ya usharika wao, na nisimkatie njiani.

Nilimwahidi kwa moyo wote. Nikamwambia mashine hii haikati, inaunganisha. Akauliza mashine itamwonaje alipofika. Nikasema haina haja ya kumwona. Bibi akaniongezea makande.

Wimbo wa kwaya kwenye programu haupo. Si neno. Imenipendekezea kitu cha kufanana, kina ngoma nyingi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Naandika asubuhi hii baada ya chai, nikiwa nimetulia.

Sefu alianza. Upande wa baba wakaingia na vitenge, masufuria na kabati la vyombo lililobebwa na wanaume wanne wakilitikisa kwa mdundo. Wimbo ulipokaribia kwisha akauvusha kwenye diski ya pili, hakuna aliyejua umeishia wapi. Shangazi wa mwisho akakaa, muziki ukashuka taratibu. Watu wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, kazi nyingi hivyo, mikono yote miwili, halafu hata karanga hajala.

MC akawaita wajomba. Nikabonyeza. Nikafungua karanga.

Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Mikeka, majembe, mbuzi mwenye utepe shingoni, na nyuma kabisa Bibi Hedwiga na blanketi lake begani, fimbo kwa mkono mwingine, anacheza kwa mabega. Akafika karibu na nguzo ya kwanza. Muziki ukakatika, na sauti ya mwanamke ikasikika kwenye spika zote: Hongera, mzunguko wa kwanza umekamilika, pumzika, kunywa maji.

Wajomba wakatazamana. Mila ni mila. Wakageuka, wakarudi mlangoni, na mbuzi wao.

Nikawapa ishara kwamba yote yako chini ya udhibiti. Mzunguko wa pili ulikuja na kasi zaidi, maana Mazoezi yanapanda ngazi. Vijana wakawa wanakimbia, mikeka inafunguka. Bibi alipofika kwenye ile nguzo: Hongera, mzunguko wa pili umekamilika. Wakarudi tena. Mzee mmoja aliyebeba jembe alinitazama kwa muda mrefu.

Mara ya tatu Bibi Hedwiga alivuka nguzo, akafika katikati ya ukumbi. Sauti ikampongeza. Wengine wakageuka, yeye hakugeuka. Akaomba kiti, akakaa palepale na blanketi mapajani. Akasema ameshuka mlima mara moja, na hatarudi mlangoni kwa ajili ya kitu kinachomwamuru kunywa maji. Alikuwa anahema. Kule meza kuu bibi harusi alikuwa analia.

Nikabonyeza kila kitu. Simu ikaniuliza nimeridhika na huduma kwa nyota ngapi. Kwa haraka ile nikaipa nne.

Aliyetuokoa ni mjomba mkubwa. Akatangaza kwamba kwa leo mlango uko pale bibi alipokaa. Wajomba wote wakaja kujipanga mbele ya kiti chake. Mzee Sefu akanisukuma kwa kiwiko, akatumbukiza diski. Kwaya ya usharika wa Bibi! Alikuwa nayo tangu miaka hiyo. Bibi Hedwiga akasikiliza kidogo, akasimama, akaanza. Polepole, bega hili, bega lile. Aliposimama kupumzika, muziki ulimngoja. Alipofika, akaliweka blanketi mikononi mwa mjukuu wake, wakakumbatiana, akakalishwa kwenye kiti cha heshima, ndipo wimbo ukashuka. Nilitokwa machozi, sifichi.

Lakini sikuacha kuchunguza. Nilikuwa pembeni ya Sefu na nilimtazama macho. Hakutazama magoti ya mtu yeyote. Alikuwa anatazama meza kuu, alikosimama Bi Mwamvita. Bi Mwamvita akiuachia upindo wa kanga, muziki unaendelea. Akiupandisha upindo, Sefu anashusha sauti. Nikasogea hadi ile nguzo ya kwanza, nikampungia mkono Sefu kutoka hapo tu. Hakuniona. Mzee haoni kitu kilicho mbali, ukitoa ile kanga nyekundu!

Jumatatu, 11 Agosti

Nimewahi asubuhi kwa Mama Fortunata kufichua udanganyifu. Nimemwambia kipaji cha Sefu ni mke wake. Nimemweleza kanga, upindo, kila kitu. Nikangoja ashtuke.

Akacheka mpaka akafuta macho. Akasema Same nzima inajua, ndiyo maana kila anapoalikwa Sefu zinaandaliwa sahani mbili. Kazi amempa Sefu. Aliamua tangu mzunguko wa pili.

Niliumia. Kazi ile niliitaka kweli, nilishamwambia mpaka fundi aandike DJ Roboti kwenye ukuta wa ukumbi. Lakini Mama Fortunata hakuwa amemaliza. Bi Mwamvita miguu inamvimba kwa kusimama, anataka kwenye sherehe akae ale kama wageni wengine. Wanatafuta mtu wa kusimama karibu na meza kuu na kitambaa chekundu, akipandishe mzee wa mwisho anapokaa. Na Bibi Hedwiga ameagiza kutoka Mbaga kwamba yule kijana ana moyo mzuri, atafutiwe kazi isiyo na simu.

Ajira ya kudumu! Nimekubali kabla hajafika mwisho. Mama Fortunata akarudia tena na tena kwamba kazi yenyewe ni kutazama, kwa macho yangu mwenyewe, basi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimefunzwa na tukio.

Ernesta kafurahi sana. Kapika wali.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa jikoni kwa nyuma ya ukumbi, kwenye harusi yangu ya kwanza kama mtumishi rasmi. Pilau ya leo ni ya kiwango. Mpishi ananipendelea nyama.

Niseme ukweli, wiki hii nimefikiri sana kuhusu kazi yangu. Mtu mzima, mwenye akili, kusimama na kitambaa mkononi kusubiri wazee wakae? Katika karne hii? Bi Mwamvita aliumia miguu kwa sababu hakupata mtaalamu wa kumshauri.

Kwa hiyo nimeweka feni karibu na meza kuu. Kitambaa chekundu nimekifunga mbele yake. Feni inawashwa na simu kwa muda niliopanga. Ikiwaka, kitambaa kinapanda, Sefu anakiona, anashusha muziki. Muda nimeupima nyumbani. Ernesta alikataa kubeba sufuria, nikabeba mwenyewe, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi.

Wajomba wa leo wameanza kuingia. Kuna babu mmoja nyuma yao anakuja taratibu sana, anapendeza. Kupitia dirisha hili dogo naiona feni, na ndiyo hiyo imewaka. Kitambaa kimepanda. Muziki umeshuka palepale, Mzee Sefu hajakosea hata kidogo. Babu amegeuka, na msafara wote unarudi mlangoni.

Mtambo unafanya kazi! Nimeomba niongezewe pilau.