Kuhusu Stendi ya Maiki Inayosujudu Ndoa Yangu Inapotangazwa

Mashine ya Kukoboa Mpunga,
Katindiuka, Ifakara.
Jumatatu, baada ya tangazo la pili.

Kwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei,
Kigango cha Mtakatifu Zita.

Ndugu Mwenyekiti Gasper,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu lake unaweza kunipa Jumapili, ila usinipe kwa ile maiki ya matangazo, maana halitanifikia.

Mimi ni Brigita, Mama Silvano, mwenye mashine ya kukoboa. Unanijua, sketi zangu zote umezishona wewe. Lakini leo nakuandikia rasmi, kwa sababu kila nikikusemesha pale kibarazani kwako Mlabani unaniambia "litafanyiwa kazi, mama" huku umeuma pini. Safari hii nataka jambo langu ulishike mkononi.

Jambo lenyewe ni stendi ya maiki, ile ya mezani, ambayo kamati yako iliinunua kwa ajili ya meza ya matangazo. Mzee Beatus, katibu wetu, husoma matangazo akiwa ameketi kwa sababu ya magoti yake, na hilo hakuna anayelipinga. (Shikamoo yake naitanguliza hapa, kwa kuwa nitamtaja sana.) Ubaya ni kwamba stendi hiyo ina shingo ya kupinda, na shingo hiyo haiwezi kukaa ilipowekwa. Akianza tangazo la kwanza, maiki iko mdomoni. Tangazo la pili iko kidevuni. Naye kwa utii wake anaifuata. Likifika la tano, paji la uso la katibu wetu liko juu ya meza, na spika zinatuletea pumzi zake na mlio wa karatasi, basi.

Sasa, matangazo ya ndoa kwetu husomwa mwisho. Langu mimi na Evarist wa Idete limeshasomwa Jumapili mbili. Imebaki moja, na Jumamosi inayofuata tunafunga ndoa. Mpaka naandika hapa, wanaojua kwa njia ya tangazo kwamba naolewa ni mimi, Evarist, Padre, katekista, Mzee Beatus na ile meza.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndama wa Masalu amepewa heshima kuliko mimi. Tangazo lake lilikuwa la kwanza: ndama jike, mwekundu, sikio moja jeupe, mara ya mwisho kaonekana akielekea mtoni. Kigango kizima kilisikia, na jioni hiyohiyo akapatikana. Masalu mwenyewe alipokuja kukoboa nikamlalamikia, alinicheka. "Mama Silvano," akasema, "wewe ungepotea tungekusoma wa kwanza. Kosa lako unaonekana kila siku."

2. Watu walipiga magoti. Jumapili ya kwanza, akina mama wa benchi za nyuma walimwona katibu amelaza kichwa mezani, wakadhani ni sala, wakashuka. Wanaume wakafuata, maana hawapendi kuonekana wamebaki wameketi. Kwaya nayo, ilipoona hakuna mtu aliyeinua kichwa, ikaanzisha wimbo wa kutoka. Kwa hiyo, Mwenyekiti, ndoa yangu ilitangazwa waumini wakiwa wamepiga magoti na wanaimba, na hakuna hata mmoja aliyejua anashukuru nini.

3. Matengenezo mliyoyafanya yameongeza hasara. Jumapili ya pili mliifunga shingo kwa mpira wa baiskeli, ikageuka kumtazama katekista. Mkaweka tofali juu ya kitako, tofali likateleza likamshukia Mzee Beatus mguuni, na neno alilolisema ndilo pekee lililosikika vizuri siku hiyo mpaka barabarani. Mwisho mkaning'iniza mfuko wa sadaka nyuma ya kitako ili uwe uzito. Wazo si baya, ila mngesubiri watu wauze mpunga kwanza.

4. Jumuiya imeniombea mume. Alhamisi tulisali nyumbani kwa Aurelia. Wakati wa maombi mwenye nyumba akaomba kwa uchungu kabisa, "Tumwombee mwenzetu Mama Silvano, Bwana autazame upweke wake, amletee mwenzi mwema hata kama atatoka mbali." Evarist alikuwa ameketi pembeni yangu, amepiga pasi shati. Aliitikia "Twakuomba utusikie" kwa sauti kuliko wote. Nilimkanyaga.

5. Hili ndilo lenyewe. Wifi yangu Angelina, dada wa marehemu mume wangu Antoni, huketi benchi la mwisho karibu na mlango. Tulipomaliza matanga ya kaka yake alinishika mkono akasema, "Brigita, wewe bado una nguvu. Siku ukipata mtu sitakuzuia, lakini nisije nikasikia sokoni. Nisikie kanisani, mbele ya watu, na mimi nikiwa na nafasi ya kusema neno." Nilimwahidi. Sasa tangazo linasema mwenye pingamizi amwone Padre, na Angelina amenyamaza Jumapili mbili. Lakini mtu asiyesikia kitu hawezi kuhesabiwa kwamba amenyamaza. Mchele usiopita kwenye chekeche mimi siuuzi, na ndoa isiyopita mbele ya Angelina siitaki. Asikie. Akisema aseme, na akinyamaza anyamaze akijua.

Utaniuliza kwa nini nisimwambie mwenyewe. Nimekwenda kwake mara mbili kwa kazi hiyo, na mara zote mbili nimeishia kumuuliza bei ya vitunguu. Yako mambo, Mwenyekiti, ambayo mtu anahitaji asomewe na katibu.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa stendi yenyewe, maana kulalamika bila kuonyesha njia ni kelele. Nasikia dukani mliichagua hiyo kwa sababu tatu: inang'aa, inakunjika ikaingia kwenye pochi ya mhazini, na muuzaji aliwaambia ni ya kisasa. Hakuna aliyeinyanyua kupima uzito. Mimi nilianza na kinu na mchi, nikahamia kwenye mashine ya kukodi, leo nina yangu, na kwa miaka yote hiyo nimejifunza kwamba kitu husimama kwa kitako chake. Mashine isiyofungwa sawasawa hutikisika, na ikitikisika mchele unakatika. Evarist mwenyewe nilimjua kwa njia hiyo. Alileta magunia yake, akamwaga mchele kiganjani, akauangalia, akaniambia mbele ya wateja, "Mama, mashine yako ni nzima, ila ina miguu ya mlevi." Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikamtumia ujumbe aje akaze bolti.

Nimeipima stendi yenu kwa rula ya shule na mizani yangu ya mchele. Shingo ni sentimita 42. Kitako kina upana wa 11, na uzito wake wote haufiki nusu kilo, wakati maiki peke yake ni robo na inaning'inia mbele kule. Hapo huhitaji fundi. Wewe mwenyewe una cherehani yenye kichwa cha chuma tangu enzi za baba yako. Ungekubali kushonea kwenye cherehani inayokuinamia kila ukifika kwenye kola?

Ninachopendekeza ni puli kuukuu ya mashine yangu, lile gurudumu la kuzungushia mkanda, chuma kitupu, kilo 19, iwe kitako. Juu yake bomba fupi lililonyooka, lisilopinda kwa mtu yeyote, na nati ya kukaza kwa mkono ili Mzee Beatus aipandishe au aishushe yeye, isiwe maiki inayompandisha na kumshusha. Chini tupigilie raba ya tairi, ili akigonga meza kwa kiwiko mlio usipande kwenye spika. Nimeshaijaribu. Niliiweka juu ya meza kando ya mashine, nikafunga papai bichi mahali pa maiki, tukakoboa magunia yote ya Masalu. Papai halikutikisika. Masalu alipotoka alilisalimia.

Lakini haki isemwe, kilo 19 ile meza ya matangazo haiwezi. Mguu wake mmoja umeegemezwa kwa kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo naomba meza ya mninga. Meza ya mninga, pamoja na puli, pamoja na viwiko vya katibu, itazama kwenye ile kona ambayo wakati wa masika maji hupita chini ya sakafu. Kwa hiyo naomba kona imwagwe zege, nondo za milimita 12. Zege likishika, ukuta wa upande ule, ambao una ufa unaopitisha kidole, utajiona mnyonge na utaachia. Kwa hiyo naomba ukuta. Na ukuta mpya hauwezi kuvikwa bati ambalo nusu ni matundu. Nimepiga hesabu hii kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, Mwenyekiti, na kila mara inanifikisha palepale: ili ndoa yangu isikike, naomba kanisa jipya kabla ya Jumapili.

Endapo kanisa litachelewa, nitaipokea puli peke yake. Evarist ataileta kwa baiskeli Jumamosi hii, na badala ya meza tutapindua kinu changu cha zamani tuiweke juu yake. Kinu hicho kimepigwa mchi tangu sijawa na mashine, Mzee Beatus hatakishtua. Naomba pia, kwa Jumapili hii moja, ndoa isomwe kwanza, halafu ndiyo ufuate usafi wa kanisa na ng'ombe.

Nisalimie mama Eveline hapo kwako, mwambie gauni nitakuja kulijaribu Jumatano na kiuno asikipunguze tena. Msalimie Mzee Beatus na mguu wake. Wasalimie wanakwaya wote, na uwaombe wasubiri kidogo. Ndama nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi muumini mwenzako, ninayeolewa ingawa haijasikika,

Brigita, Mama Silvano.

Nyongeza, jioni hiyohiyo.

Kabla sijafunga bahasha, wifi Angelina ameingia. Barua ilikuwa juu ya meza, na huyo hajawahi kuona karatasi akaiacha. Amesoma mpaka lile la tano, akavua miwani. "Wewe Brigita," akaniambia, "baiskeli ya Idete inaegemea ukuta wa kaka yangu tangu mpunga haujachanua, unafikiri mimi nasubiri spika? Umekuja kwangu mara mbili kuuliza bei ya vitunguu, na vitunguu unavyo shambani kwako." Pingamizi hana. Alikuwa anangoja tu nimwombe asimame siku ya sherehe aseme kwa niaba ya ukoo wa Antoni. Nimemwomba hapohapo. Tumelia kidogo, tumekunywa chai.

Baada ya chai amenieleza hotuba yake. Inaanzia siku nilipoletwa bibi harusi nikaunguza wali, na kwa mpangilio wake mpaka amfikie Evarist wageni wa Idete watakuwa wamesharudi kwao kupalilia.

Kwa hiyo puli itakuja kama nilivyosema, na mbele ya Mzee Beatus isimame. Lakini ile stendi yenu, Mwenyekiti, nakuomba kwa heshima zote msiitupe, na mtu asithubutu kuikaza. Naiazima kwa Jumamosi ya harusi. Iwekwe mbele ya wifi.