Nyumba Namba Ishirini na Tatu na Nusu

Jumatatu, 2 Machi

Balaa mferejini. Mwalimu Muhonja, aliyefundisha hisabati hadi akastaafu na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya maji hapa Kaloleni, ametangaza zamu mpya. Jumamosi, siku pekee maji yanapotoka kwa nguvu, watateka wenye nyumba za namba tasa tu. Yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Anasema amechagua hivyo kwa sababu namba haihongeki.

Nyumba yangu ni 23½.

Vyumba vyetu vya mabati vilijengwa nyuma ya namba 23, na desturi ya mtaa ni kwamba cha nyuma huitwa namba ya mbele na nusu. Namba 23 yenyewe ni ya Ochola, gadi mstaafu wa reli. Ni tasa. Alitoka mferejini akitembea kama askofu.

Niliuliza mbele ya watu: na nusu je? Foleni nzima ikacheka. Ochola akasema nusu itateka povu.

Hakuna cha kuchekesha. Jumamosi wazazi wa mchumba wa binti yetu Lorine wanakuja kutujua. Akina Kweyu. Watu wa kunawa mikono kabla ya chai na baada ya chai. Baba wa msichana hawezi kuwapokea na mitungi mikavu.

Mama Lorine anasema tumwombe tu Ochola tuteke kama watu wa 23. Kamwe! Kule shambani tulikuwa na chemchemi, na haikumuuliza mtu namba. Tangu tulipofukuzwa nimezeekea nyuma ya namba za watu. Nusu hii ni yangu.

Nimekaa na kalamu. Mbili haiingii kwenye 23½ bila kubakiza. Tatu haiingii. Tano, saba, kumi na moja: hakuna! Haigawanyiki! 23½ ni tasa kuliko hata 23. Nalala nikitabasamu.

Jumanne, 3 Machi

Nilimpelekea Mwalimu ugunduzi wangu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza moja inaingia mara ngapi kwenye 23½. Nikasema mara ishirini na tatu na nusu. Akauliza nusu ya mara ndiyo nini.

Akaendelea. Nikiruhusu nusu ya mara, basi na mbili inaingia, mara kumi na moja na robo tatu. Tatu nayo itaingia, na kila kitu kitaingia kwenye kila kitu. Nisiporuhusu, hata moja haiingii. Kwa hiyo, anasema, utasa ni habari ya namba nzima. Kuuliza kama akisami ni tasa ni kama kuuliza kama sufuria hii ni Mkatoliki au Mkweka.

Nilirudi nyumbani nikaitazama sufuria. Ilitoka kwa mama mkwe. Nadhani ni Mkweka.

Jumatano, 4 Machi

Nuru! 23½ ni sawa na 47 juu ya 2. Arobaini na saba ni tasa. Mbili ni tasa. Tasa juu, tasa chini. Mtoto wa Mluhya na Mluhya atakuwa Mjapani?

Niliyasema haya mferejini kwa sauti. Mwalimu, bila hata kuweka ndoo chini, aliniomba nichukue saba juu ya saba. Tasa juu, tasa chini. Jibu? Moja. Na moja, akasema, si tasa.

Nikauliza tangu lini moja si tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe! Akasema ndiyo, lakini hao wawili ni mtu yuleyule. Kichwa kimeuma mchana kutwa.

Ochola akashauri nusu yangu ya juu ije Jumamosi, ya chini ibaki kumsaidia mama kupika. Watu wakafurahi sana. Baadaye alinifuata mlangoni akasema kwa upole, "Mzee Wekulo, chota kwangu bwana, sisi ni paa moja." Nikamwambia ahsante, mambo yameshapangwa.

Hakuna kilichopangwa.

Alhamisi, 5 Machi

Sasa kimepangwa! Nani alisema nyumba zihesabiwe kwa nzima? Tukihesabu kwa nusu, mimi ni 47. Tasa halali, bila mkia. Na Ochola? Nusu arobaini na sita. Inagawanyika kwa mbili! Kila nyumba nzima ya mstari huu inagawanyika kwa mbili! Tasa ni mimi peke yangu!

Nimenunua rangi nyeupe. Nimefuta 23½ mlangoni na kuandika 47, kubwa, ionekane toka barabarani. Mama Lorine aliuliza wageni watatupataje. Nikamwambia mtu mwenye akili huuliza. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika kwa taabu.

Mwalimu aliutazama mlango wangu, akasema haya, kamati haibishani na rangi. Ila 47 huteka wakati wa 47. Wanaanza na namba ndogo. Ochola alijaza mitungi yake asubuhi na mapema, akapita akipiga mluzi. Mimi nikasubiri.

Hatimaye akaita 47. Nikainuka. Awiti naye akainuka, mwenye 47 ya kweli, kule mwisho wa mstari. Akaniuliza, "Mzee, wewe umekuwa 47 tangu lini?" Nikasema tangu Alhamisi. Tulipokuwa tunabishana mfereji ukakohoa, ukatoa hewa, ukanyamaza.

Nikarudi na madebe matupu. Mlango wetu ulikuwa wazi, hakuna mtu. Kicheko kilitoka kwa Ochola. Akina Kweyu walitafuta 23½, wakakuta 23, kisha 47, wakaona heri wagonge 23. Ochola akawanawisha. Akawapa chai. Mama Lorine na Lorine walikuwa wamehamia huko na mandazi yao. Na kwenye kiti kikubwa, mzee Kweyu alikuwa ameushika mkono wa Ochola kwa mikono yake miwili, akimshukuru kwa kumlea binti vizuri hivyo.

Ochola alinyanyuka haraka akasema baba ni huyu. Mzee Kweyu akanitazama, akayatazama madebe. Akasema alidhani mimi ni muuza maji.

Lorine hajaniangalia tangu hapo.

Jumapili, 8 Machi

Kuna huruma duniani. Akina Kweyu watarudi Jumamosi ijayo, wasalimiane na baba mwenyewe. Lorine ameniomba kitu kimoja tu: niwe nyumbani. Ochola amesema maji nichote kwake leo leo, niyaweke. Mama Lorine amenishika mkono akasema, "Baba Lorine, kubali."

Nilikuwa karibu kukubali.

Lakini baada ya ibada Mwalimu Muhonja ametangaza kwamba namba tasa zimeleta ugomvi. Jumamosi ijayo zitateka namba shufwa, zile zinazogawanyika kwa mbili. Ochola na 23 yake yuko nje!

Mimi je? Nimekaa na kalamu. Kwa nusu, 47: haifai. Lakini nikihesabu kwa robo, nyumba yangu ni 94. Shufwa! Na mstari huu hauna 94 nyingine, kwa hiyo Awiti hana la kusema. Kwa robo Ochola naye anakuwa 92, shufwa vilevile, ila hilo sitamwambia.

Rangi imebaki kidogo kwenye kopo. Inatosha tarakimu mbili.